UZI: John Galliano alivyotoka Dior mwaka 2011. Sheria ilisema nini, karakana iliendeleaje, jina lilibaki kwa nani

#1 Kola na Pindo

Wakuu, salaam. Kila linapozuka suala la mbunifu mkubwa kuondolewa kwenye nyumba ya mitindo, jina la Galliano linatajwa, na mara nyingi linatajwa na makosa matatu: kwamba alifungwa jela, kwamba video ndiyo iliyomtia hatiani, na kwamba Dior, nyumba ya mitindo ya Paris aliyoibunia, iliyumba kibiashara. Yote matatu si kweli. Naweka mtiririko kamili hapa, wenye ujuzi wa sheria na wa ushonaji waongezee.

John Galliano alizaliwa Gibraltar mwaka 1960, akakulia kusini mwa London, akahitimu chuo cha sanaa cha Saint Martin's mwaka 1984 kwa mkusanyo ulioitwa Les Incroyables, ambao duka la Browns liliununua wote. Julai 1995 Bernard Arnault, mkuu wa LVMH, kundi la makampuni ya anasa, alimpa nyumba ya Givenchy. Oktoba 1996 akamhamishia Dior kushika nafasi ya Gianfranco Ferré. Alikaa pale zaidi ya miaka 14.

Alhamisi jioni, 24 Februari 2011, polisi walimchukua kutoka baa ya La Perle, mtaa wa Vieille-du-Temple katika eneo la Marais, Paris, baada ya wateja wawili kulalamika kwamba amewatukana kwa misingi ya asili yao, yakiwemo matusi dhidi ya Wayahudi. Kesho yake, tarehe 25, Dior ikamsimamisha kazi. Mara akajitokeza mwanamke mwingine na malalamiko ya tukio la 8 Oktoba 2010, kwenye baa hiyohiyo. Jumatatu tarehe 28 gazeti la The Sun la Uingereza likatoa video ya siku nyingine kabisa, Galliano akisema anampenda Hitler na kuwaambia waliokuwa meza ya jirani kwamba watu kama wao wangeuawa kwa gesi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwigizaji Natalie Portman, sura ya manukato ya Miss Dior Chérie na yeye mwenyewe Myahudi, alikuwa ametoka kupokea Oscar. Alitoa tamko kwamba hataki kuhusishwa tena na mtu huyo kwa namna yoyote. Tarehe 1 Machi Dior ikatangaza imeanza utaratibu wa kumfukuza. Tarehe 2 Galliano akaomba radhi. Tarehe 4 onyesho la Dior la mavazi ya dukani likafanyika kama lilivyopangwa, kwenye makumbusho ya Rodin.

Aprili akaondolewa pia kwenye kampuni yenye jina lake mwenyewe, John Galliano. Hapo ndipo watu wengi hushangaa, na tutafika.

#2 Wakili Mtulivu

Asante mkuu Kola. Nianze na jinai, halafu kazi. Ni njia mbili tofauti na watu huzichanganya.

Kosa aliloshtakiwa ni tusi la hadharani kwa msingi wa asili au dini. Liko ndani ya sheria ya uhuru wa vyombo vya habari ya 29 Julai 1881. Sheria hiyo haihusu magazeti peke yake. Inagusa pia maneno yaliyosemwa mahali pa umma, na meza ya baa ni mahali pa umma. Neno hilohilo likisemwa faragha linashuka kuwa kosa dogo. Kwa wakati ule adhabu ya juu ilikuwa kifungo cha miezi 6 na faini ya euro 22,500.

Muda wa kufungua shauri nao ni muhimu. Makosa ya kawaida chini ya sheria ya 1881 hufa baada ya miezi 3. Ya ubaguzi yaliongezewa muda hadi mwaka 1 kwa mabadiliko ya 2004. Ndiyo maana tukio la Oktoba 2010 liliweza kupelekwa mahakamani Februari 2011. Kwa kipimo cha miezi 3 lingekuwa limeshapotea.

Kesi ilisikilizwa 22 Juni 2011, hukumu ikatoka 8 Septemba. Alitiwa hatiani kwa matukio mawili, la Oktoba na la Februari. Video haikuwa sehemu ya mashtaka. Adhabu: faini ya euro 6,000 iliyosimamishwa, maana yake hailipi asiporudia kosa ndani ya muda uliowekwa, fidia ya euro 1 ya alama kwa walalamikaji na kwa vyama vya kupinga ubaguzi, na gharama za kesi euro 16,500. Jela hakwenda. Agosti 2012 Rais François Hollande akamvua nishani ya Légion d'honneur aliyopewa mwaka 2009.

#3 Kijana wa Upanga

Wakili, kama Dior walikuwa wameshaamua, kwa nini tarehe 1 Machi walisema "tumeanza utaratibu" badala ya kusema amefukuzwa? Ilionekana kama kusitasita.

#4 Wakili Mtulivu

Haikuwa kusitasita, mkuu. Ni sheria ya kazi ya Ufaransa, na mwajiri anayeiruka hujikuta analipa fidia hata kama kosa la mfanyakazi ni zito.

Hatua zenyewe: kwanza barua ya kumwita mfanyakazi kwenye mahojiano. Kati ya kufikishiwa barua na mahojiano lazima zipite siku 5 za kazi. Barua hiyo itoke ndani ya miezi 2 tangu mwajiri ajue kosa. Wakati akisubiri, mfanyakazi anaweza kuwekwa nje ya kazi kwa tahadhari, na hicho ndicho kilichotangazwa tarehe 25 Februari. Baada ya mahojiano, barua ya kumfukuza isitumwe kabla ya siku 2 za kazi, na isichelewe kupita mwezi 1. Ndani yake sababu ziandikwe, kwa kuwa mahakama itazipima hizo na si nyingine zitakazobuniwa baadaye. Ikiwa kosa ni la daraja la uzito, mfanyakazi hapati notisi wala kiinua mgongo. Hubaki na malipo ya likizo alizokwisha kuzipata tu.

Kwa hiyo kampuni ikitangaza hadharani "tumemfukuza" kabla ya mahojiano, imekiri yenyewe kwamba mahojiano ni maigizo, na wakili wa upande wa pili atalishika hilo kwa mikono miwili. Tangazo la Dior lilikuwa na maneno yaliyopimwa.

#5 Bi Hariri

Naomba nizungumzie ndani ya jengo la namba 30 avenue Montaigne, maana huko ndiko jibu la swali "iliwezekanaje onyesho lifanyike siku 3 baadaye".

Jina la haute couture, yaani mavazi ya kifahari yanayoshonwa kwa kipimo cha mteja mmoja, linalindwa na sheria Ufaransa tangu 1945, na orodha ya nyumba zinazoruhusiwa kulitumia hupitiwa kila mwaka. Masharti yake ni pamoja na kushona kwa kipimo cha mteja na kumpima kwa majaribio, kuwa na karakana Paris yenye wafanyakazi wa kudumu wasiopungua 15, na kuonyesha mkusanyo Januari na Julai, mavazi yasiyopungua 25, ya mchana na ya jioni. Hakuna sharti lolote kuhusu mbunifu ni nani. Karakana ndiyo inayoibeba hadhi.

Mbunifu wa ngazi ile hashoni. Mchoro wake unapelekwa kwa mkuu wa karakana, na huyo ndiye anayeugeuza kuwa gauni la majaribio, kwa amerikani au bafta (vitambaa vya pamba visivyo ghali), juu ya sanamu la kushonea. Sanamu limebandikwa utepe mwembamba kuonyesha kifua, kiuno, nyonga, katikati ya mbele na ya nyuma. Juu ya kitambaa cha majaribio mstari wa mtande (nyuzi zinazokwenda urefu wa kitambaa) unachorwa kwa penseli, kwa sababu ukipotea hapo, gauni la hariri litavutika upande mmoja na hakuna pasi itakayolirudisha. Mbunifu anakagua, anabana pini, anakataa, gauni linarudi. Likikubaliwa linafumuliwa, linanyooshwa bapa, vipande vinahamishiwa kwenye karatasi, ndipo mkasi unagusa hariri.

Karakana zenyewe ni za aina mbili. Moja ni ya mavazi laini: shifoni, krepu, satini, vitu vinavyoning'inia. Nyingine ni ya makoti na suti, ambako sufu inafinyangwa kwa mvuke na pasi, na kola inajengwa ndani kwa kitambaa kigumu kinachoshikizwa kwa mamia ya mishono midogo ya mkono. Fundi wa upande mmoja hapelekwi upande wa pili kirahisi. Mkono uliozoea kuibana sufu unaiua shifoni.

Sasa tazama tarehe. Mkusanyo wa mwisho wa haute couture wa Galliano ulionyeshwa Januari 2011, heshima kwa mchoraji René Gruau. Kwa kawaida wateja huagiza baada ya onyesho, hujaribiwa mara 2 au 3, hupokea nguo baada ya miezi kadhaa. Habari za La Perle zilipolipuka, mafundi walikuwa katikati ya oda hizo. Na mavazi ya 4 Machi yalikuwa yamekwisha kushonwa. Kilichobaki ni kuyapanga na kuyavalisha.

Siku ile mkurugenzi mkuu, Sidney Toledano, alipanda jukwaani kabla ya onyesho. Alilaani maneno yale, akakumbusha kwamba dada yake Christian Dior alipelekwa kambini na Wanazi, akasema moyo wa nyumba ni mafundi wasioonekana. Mwisho wa onyesho, mahali ambapo Galliano alizoea kutoka na vazi la ajabu, walitoka mafundi wa karakana na makoti yao meupe, wakasimama. Kwangu hilo lilikuwa tamko zito kuliko hotuba, kwa sababu ni kweli tupu.

#6 Shanga Nne

Niongeze jambo linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mkusanyo wake wa kwanza Dior, Januari 1997, mwaka wa 50 tangu onyesho la kwanza la nyumba hiyo, ulikuwa na shanga za Kimaasai waziwazi: kola ndefu zilizofunika shingo nzima na mapambo ya kifua, vikiwekwa juu ya magauni ya satini ya umbo la enzi za mfalme Edward wa VII wa Uingereza.

Wanaopenda kulinganisha kazi waangalie ujenzi. Kola bapa ya Kimaasai ni duara juu ya duara la waya, kila duara limetungwa shanga ndogo za kioo, na duara zote zinashikwa na vipande vyembamba vya ngozi au plastiki vilivyotobolewa kwa nafasi sawa. Vipande hivyo ndivyo uti wa mgongo: tundu zikipishana hata kidogo, kola inainuka upande mmoja. Inakaa juu ya mabega na kucheza mvaaji anaporuka. Zile za jukwaa la Paris zilibana shingo wima, hivyo uzito wote unashuka kwenye mfupa wa bega, na kichwa hakigeuki vizuri. Ni mantiki mbili tofauti. Moja imebuniwa kwa mwili unaocheza, nyingine kwa picha.

Nasema hili kwa sababu ukosoaji wa Galliano haukuanza 2011. Januari 2000 alionyesha haute couture iliyoiga mavazi ya watu wasio na makazi wa Paris, na watu waliandamana. Tabia ya kuchukua chochote cha yeyote kuwa malighafi ilikuwepo muda mrefu.

#7 Kijana wa Upanga

Bi Hariri, shikamoo. Kila anayemsifu Galliano anataja kukata mshazari. Naomba ufafanue kwa vitendo, maana mafundi wengi wakijaribu gauni linaishia kuwa na pindo la mawimbi.

#8 Bi Hariri

Marahaba. Nitakupa yote, tena hili lina uhusiano na mada: ndilo lililomfanya atafutwe, na ndilo ambalo karakana iliweza kuliendeleza bila yeye.

Kitambaa kina mtande unaokwenda urefu na mshindio unaokwenda upana. Ukikikata kwa pembe ya digrii 45 kati yao, kinavutika na kushuka kufuata mwili, hivyo huhitaji mikunjo ya kubana kiunoni. Kuupata mshazari kamili: kunja kitambaa hadi ukingo wa mshindio ulale sawasawa juu ya mtande. Mkunjo uliopatikana ndio mshazari. Usikisie kwa macho. Ukikosea kwa digrii 5 tu gauni linazunguka mwilini.

Kiasi: kwa gauni la urefu wa sentimita 150, kipande chenye upana wa sentimita 50 kikilazwa mshazari kinakula mraba wa takriban sentimita 141 kwa 141. Vipande viwili, mbele na nyuma, ni karibu mita 2.8; ongeza mikanda ya bega na vipande vya kufungia shingo, nunua mita 3.5 za kitambaa cha upana wa 150. Gauni hilohilo kwa mkato wa kawaida ni kama mita 1.7.

Kata tabaka moja moja, kamwe usikunje mara mbili, na weka karatasi chini ili hariri isiteleze. Pini ziwe ndani ya nafasi ya mshono tu. Nafasi hiyo iache sentimita 3 hadi 4 pembeni, kwa sababu kitambaa kikirefuka kinapungua upana na utahitaji pa kutoa. Panapowezekana weka mshono katikati ya mbele na ya nyuma, mtande wa upande wa kulia na wa kushoto uelekeane kama kioo. Mtande na mshindio havivutiki sawa. Bila hivyo upande mmoja utashuka zaidi.

Shingo na kwapa zishikize mara moja kwa kipande chembamba cha organza kilichokatwa mnyoofu, milimita 6 hadi 10. Mishono ya pembeni shona kutoka juu kwenda chini, ukivuta kitambaa kidogo sana, mshono wa milimita 2 hadi 2.5 wenye zigizaga ya nusu milimita. Ukishona mnyoofu bila kuvuta, uzi unakatika siku mvaaji anapokaa. Pasi iinuliwe na kushushwa, isiburutwe.

Na hilo la pindo: gauni lining'inizwe saa 24 hadi 48 kabla ya kukata chini. Vipande vinavyoangukia mtande vinashuka tofauti na vingine, ndiyo mawimbi unayoyaona. Likishatulia, mvalishe mtu, pima kutoka sakafuni kwenda juu kuzunguka, chora, kata, kisha sokota pindo jembamba kwa mkono. Anayekata pindo siku hiyohiyo aliyoshona atalikata tena wiki ijayo.

Gauni la buluu la Dior alilolivaa Diana wa Uingereza kwenye sherehe ya makumbusho ya Met, New York, Desemba 1996, ni la familia hii, jepesi kama vazi la kulalia. Liangalie picha za ubavuni uone linavyoshika nyonga bila mkunjo.

#9 Kola na Pindo

Tukirudi kwenye pengo. Bill Gaytten, aliyekuwa na Galliano zaidi ya miaka 20 na aliyejua patani kuliko mtu yeyote mle ndani, ndiye aliyeachiwa usukani. Haute couture ya Julai 2011, aliyoitengeneza pamoja na Susanna Venegas, ilipokewa vibaya sana: rangi zinazopigana, maumbo ya kijiometri ya kundi la Memphis (wabunifu wa samani wa Italia wa miaka ya 1980), kila wazo limeingizwa. Ushonaji haukuwa na dosari. Hili ndilo funzo la kiufundi la kisa kizima: karakana inaweza kushona chochote bila mbunifu, ila haina mtu wa kukataa. Mkusanyo wake wa Januari 2012 ulikuwa mtulivu na bora zaidi.

Raf Simons alitangazwa kuwa mbunifu mpya wa Dior 9 Aprili 2012, zaidi ya miezi 13 baada ya tangazo la 1 Machi, akaonyesha Julai akiwa na takriban wiki 8 za matayarisho. Na biashara? Mauzo ya Christian Dior Couture yalitoka euro milioni 826 mwaka 2010 hadi bilioni 1 mwaka 2011. Mwaka wa kashfa. Fedha inatoka kwenye mikoba, viatu na maduka.

#10 Kijana wa Upanga

Lakini wakuu, tusisahau mzigo. Mikusanyo 32 kwa mwaka, msaidizi wake mkuu Steven Robinson akafariki ghafla Aprili 2007, pombe, Valium, dawa za usingizi. Mtu kama huyo si mgonjwa wa kutibiwa kuliko kufukuzwa?

#11 Kola na Pindo

Mzigo ulikuwa wa kweli, kaka, na unastahili kusemwa. Haute couture, mavazi ya dukani, mikusanyo ya katikati ya misimu, watoto, kisha jina lake mwenyewe la wanawake na wanaume (mavazi ya kiume ya Dior yalikuwa ya wengine). Kiwanda kinachomtaka mtu mmoja awe na wazo jipya kila siku 11 kitamvunja, na nyumba zile zina wajibu kwa hilo.

Ila pombe inaeleza kwa nini alipiga kelele. Haielezi kwa nini kilichotoka kilikuwa hicho. Na tazama mahali: La Perle iko Marais, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Rosiers, kitovu cha Wayahudi wa Paris, ambako polisi wa Ufaransa waliwakusanya watu mwaka 1942 na kuwakabidhi kwa Wanazi. Kumwambia mtu pale kwamba angepaswa kuuawa kwa gesi ni kumtishia kwa jambo lililotokea mlangoni. Catherine Dior, dada wa mwanzilishi, alikuwa mpiganaji wa upinzani, akapelekwa Ravensbrück, kambi ya Wanazi, 1944. Nyumba ile isingeweza kumbakiza mtu huyo na ikaendelea kuuza manukato ya Miss Dior, jina linalohusishwa na dada huyo. Matibabu alistahili na aliyapata, Arizona. Kiti ni jambo lingine.

#12 Shanga Nne

Naunga mkono. Na wale watatu waliotukanwa hawatajwi kabisa kwenye mijadala hii. Tunamhesabia yeye hasara zote.

#13 Kijana wa Upanga

Nimeelewa. La mwisho: vipi mtu afukuzwe kwenye kampuni yenye jina lake?

#14 Wakili Mtulivu

Kwa sababu jina la biashara ni mali, na mali huuzwa. Kampuni ya John Galliano ilikuwa chini ya Dior kwa zaidi ya asilimia 90 ya hisa. Alama ya biashara ilisajiliwa kwa kampuni, yeye alikuwa mwajiriwa. Alipoondoka, kampuni ikaendelea na jina lake, na Gaytten akawa mbunifu wake. Si yeye wa kwanza: mbunifu Hervé Léger aliondolewa kwenye nyumba yake mwaka 1999, ikabidi afanye kazi kwa jina la Hervé L. Leroux.

Michoro nayo ina utata. Ufaransa haki ya mtunzi kwa msingi ni ya mtu aliyebuni hata akiwa ameajiriwa, lakini kazi ya pamoja, iliyoanzishwa na kutolewa na kampuni kwa jina lake na michango isiyotenganishika, ni ya kampuni. Mkusanyo wa mitindo huingia humo kwa urahisi. Mbunifu anayeweka sahihi mkataba aangalie vifungu vitatu: nani amesajili jina na kwa aina gani za bidhaa (nguo, mikoba na manukato husajiliwa kila moja mbali), nini kinatokea kwa jina akiondoka, na kama ananunua tena hisa kwa bei gani.

Galliano alifungua shauri la kufukuzwa isivyo halali. Novemba 2013 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba suala ni la mahakama ya kazi. Novemba 2014 mahakama ya kazi ikamkatalia, na kumwamuru alipe euro 1 ya alama kwa Christian Dior Couture na euro 1 kwa kampuni ya John Galliano. Linganisha na Yves Saint Laurent, aliyekuwa mbunifu wa Dior: alichukuliwa jeshini 1960, Dior ikampa nafasi yake Marc Bohan, Saint Laurent akashtaki kwa kuvunjiwa mkataba na akashinda. Tofauti ni nani aliyevunja.

Mapema 2013 mbunifu Oscar de la Renta alimkaribisha Galliano studioni kwake New York kwa wiki 3. Oktoba 2014 akateuliwa kuongoza nyumba ya mitindo ya Maison Margiela, akakaa hadi Desemba 2024. Mle alibuni, akaonyesha, akasifiwa, lakini lebo ndani ya nguo haikuweza kusomeka John Galliano.